Simu iliyonusurika kwenye vigae ikafia kwenye kokoto

Simu yenyewe ilikuwa na umri wa miaka miwili kasoro. Katika muda huo ilianguka mara tatu ambazo mwenye nayo anazikumbuka: mara moja kutoka usawa wa kifua hadi kwenye sakafu ya vigae, mara moja kutoka mezani, na mara moja ilipochomoka mfukoni akishuka garini, ikaangukia kona na fremu yake ya aluminiamu ikabonyea. Kioo hakikupata hata ufa. Kisha jioni moja, akiwa amekaa kwenye kiti kifupi uani, simu ikateleza mapajani na kuanguka kifudifudi juu ya kokoto. Kimo hakikuzidi nusu mita. Alipoiokota, kioo kilikuwa kimetapakaa nyufa kama utando wa buibui.

Mwenye simu ni dada yangu, na hukumu alishaitoa kabla sijaishika. "Kaka, hawa watu waliniuzia kioo feki. Kingekuwa cha kweli kisingevunjika kwa kuanguka padogo hivi."

Ukiitazama juujuu, hoja yake ina uzito. Simu ile ina gramu 200 hivi. Ikidondoka kutoka mita 1.4 inafika sakafuni na nishati ya karibu jouli 2.7, kutoka nusu mita ni jouli moja tu. Yaani kioo kilihimili pigo la karibu mara tatu, kikaja kushindwa na lile dogo. Nilimwomba aniachie simu siku chache, kwa sababu nilishuku kwamba kosa liko kwenye kupima kwa kimo.

Nyufa zilipozaliwa

Nyufa za kioo ni mashahidi wazuri. Ukizifuata kinyumenyume, zikizidi kukaribiana, zinakupeleka mpaka zilipoanzia. Nilitumia lenzi ya kukuza mara kumi na tochi niliyoilaza ubavuni ili mwanga upite sambamba na kioo. Mistari yote mikuu ilikutana mahali pamoja, milimita nane hivi kutoka ukingo wa kushoto. Pale palikuwa na shimo dogo, upana wake chini ya nusu milimita, na ndani yake ungaunga mweupe. Ungaunga ule ni kioo kilichosagwa. Kitu chenye ncha, kigumu kuliko kioo au karibu na ugumu wake, kilikuwa kimeweka uzito wote wa simu kwenye eneo dogo kuliko kichwa cha pini.

Mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa kona iliyobonyea. Fremu ikibonyea inaweza kuukandamiza ukingo wa kioo, na ukingo ndio sehemu ya kuogopwa kuliko zote: hapo ndipo kioo kilipokatwa na kusagwa kiwandani, na hapo ndipo kasoro hubaki hata baada ya kung'arishwa. Lakini hakuna ufa hata mmoja uliotokea kwenye kona ile. Mmoja ulipita karibu nayo, ukaishia ukingoni. Mshukiwa akaachiwa.

Tuhuma ya kioo feki ilihitaji kazi zaidi. Dada aliendelea kuitumia simu kama wiki mbili kabla ya kuipeleka kwa fundi, na fundi alipokibandua kioo kwa joto nilimwomba vipande. (Anayetaka kurudia jambo hili avae miwani ya kazi. Vipande vya kioo cha aina hii huruka bila taarifa.) Kalipa ilisoma unene wa milimita 0.7. Kwa darubini ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta niliutazama ubavu wa kipande kilichopakana na lile shimo. Alama ya ncha ilionekana ikishuka kutoka juu kama kucha, ikaingia ndani kiasi cha moja ya kumi ya unene, yaani milimita 0.07 hivi. Baada ya hapo uso wa mpasuko ulikuwa laini kama kioo cha kujitazamia kwa umbali mfupi, kisha ukaanza kukwaruza, kisha nyufa zikagawanyika matawi.

Matawi hayo ndiyo yaliyomfutia muuzaji mashtaka. Kioo cha kawaida kikichomwa na ncha kwa pigo la jouli moja hutoa nyufa chache, ndefu, zisizogawanyika sana, kwa sababu hakuna kinachozisukuma zaidi ya pigo lenyewe. Hiki kilikuwa na nyufa zilizogawanyika tena na tena, mbali kabisa na kokoto. Kulikuwa na nguvu nyingine iliyokuwa imejificha ndani ya kioo tangu siku kilipotoka kiwandani. Nguvu hiyo haipatikani kwenye kioo ambacho hakijaimarishwa.

Deni lililofichwa katikati

Mwanzoni mwa karne iliyopita mhandisi A. A. Griffith, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa ndege huko Farnborough, Uingereza, alijiuliza kwa nini kioo ni dhaifu kuliko kinavyostahili. Vifungo vya silikoni na oksijeni vinavyokishikilia kioo ni imara mno. Ukivihesabu peke yake, kioo kingepaswa kuhimili mkazo zaidi ya mara mia ya ule unaokivunja kwa kawaida. Griffith alivuta nyuzi za kioo, akaona kadiri zilivyokuwa nyembamba ndivyo zilivyokaribia nguvu ile ya hesabu. Jibu alilochapisha mwaka 1921 ni kwamba kioo kimejaa nyufa ndogo tusizoziona, na kila ufa hukusanya mkazo kwenye ncha yake mpaka vifungo vinakatika pale, kimoja baada ya kingine. Chuma kina namna ya kujinusuru: ncha ya ufa ikikazwa sana, chuma kinanyumbuka na ncha inakuwa butu. Kioo hakijui kunyumbuka.

Ila ufa una sharti moja. Ili ukue ni lazima uvutwe, midomo yake ipate kufunguka. Ukikandamizwa, midomo inafungana na ufa unakaa kimya hata miaka. Basi anayetaka kioo kisichopasuka ana njia mbili: azuie nyufa zisizaliwe kabisa, jambo lisilowezekana kwa kitu kinacholala mfuko mmoja na funguo, au ahakikishe ngozi ya kioo imebanwa muda wote.

Kwa vioo vya pembeni vya magari jambo hilo hufanywa kwa joto. Kioo hupashwa, kisha hupulizwa hewa baridi pande zote mbili. Ngozi inaganda kwanza, tumbo linaganda baadaye na kujaribu kusinyaa, na kwa kusinyaa linaivuta ngozi ijibane. Njia hiyo haifai kwa milimita 0.7. Kioo chembamba hivyo hupoa nje na ndani karibu kwa pamoja, hivyo tofauti ya joto inayohitajika haipatikani.

Kwa hiyo kioo cha simu hubanwa kwa kemia. Kipande ambacho tayari kimekatwa na kusagwa kingo hutumbukizwa kwa saa kadhaa katika nitrati ya potasiamu iliyoyeyuka, kwenye joto la karibu nyuzi 400 za Selsiasi. Ndani ya kioo kuna ioni (atomu zenye chaji ya umeme) za sodiamu, ambazo hazikufungwa sana kwenye mtandao wa silikoni na oksijeni. Kwa joto lile zinaweza kutangatanga. Zinatoka kuingia kwenye chumvi, na ioni za potasiamu zinachukua nafasi zao. Ioni ya sodiamu ina nusu kipenyo cha nanomita 0.102 hivi, ya potasiamu 0.138, kubwa zaidi kwa theluthi moja na ushee. Fikiria benchi lililojaa watu wembamba, mwenye mwili mdogo akiinuka mnene anakaa palepale, na benchi haliongezeki urefu. Hatimaye hakuna anayeweza hata kugeuza bega.

Joto lenyewe ni suala la kupatia. Likiwa dogo mno ioni haziendi popote. Likizidi, mtandao wa kioo unalegea na kuwapisha hao wanene, na mbano wote unapotea. Umeunguza nishati bure. Ndiyo maana kazi hufanywa chini ya joto ambalo kioo huanza kujilegeza, na ndiyo maana mapishi ya kioo yenyewe huongezwa alumini: mtandao wenye alumini huwapa ioni njia pana ya kupita, hivyo mabadilishano huingia ndani zaidi. Katika kioo cha kawaida cha dirishani tabaka lililobanwa huishia maikromita kumi na kitu (maikromita elfu moja ni milimita moja). Katika kioo chenye alumini linafika 40 au 50, na mkandamizo juu kabisa hufikia megapaskali 800 hivi (megapaskali ni kipimo cha mkazo).

Hapa ndipo kisa cha dada yangu kinapoeleweka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ngozi ikijibana, lazima kuwe na kinachoishikilia. Nguvu zote ndani ya kipande lazima zilingane, la sivyo kingejikunja chenyewe. Chukua kioo cha maikromita 700. Kila upande una ngozi ya maikromita 40 ambayo mkandamizo wake unaanza na megapaskali 800 juu na kupungua hadi sifuri chini, sema wastani wa 400. Ngozi mbili ni maikromita 80. Katikati zimebaki maikromita 620 ambazo lazima zivutwe kulipia mbano huo: 400 mara 80, gawanya kwa 620, unapata megapaskali 50 na kitu za mvuto. Tumbo la kioo hiki, hata kikiwa kimelala mezani bila kuguswa, liko katika hali ya kuvutwa saa zote. Kioo cha simu kina deni, na dhamana ya deni hilo ni ngozi yake.

Megapaskali 50 ni nyingi au chache? Kwa hesabu zilizozaliwa na kazi ya Griffith, ufa wenye kina cha maikromita 50 hivi kwenye kioo ambacho hakijaimarishwa hupasuka ukivutwa kwa takriban megapaskali hizohizo 50. Kwa hiyo tumbo la kioo cha simu linaishi karibu na mpaka wake. Halihitaji kuvutwa zaidi. Linahitaji tu ufa ulifikie.

Vigae na kokoto

Simu ikianguka kifudifudi kwenye vigae laini, kioo kinapinda. Upande mmoja unatanuka, na ukitanuka nyufa ndogo zilizopo pale zingefunguka. Lakini kabla hazijafunguka, mpindo lazima kwanza umalize zile megapaskali 800 za mbano. Kuanguka kwa kawaida hakufiki huko. Vigae pia vinagawa pigo kwenye eneo kubwa, na kava ya dada ilikuwa na ukingo uliopanda juu ya kioo kwa milimita moja, kwa hiyo sehemu kubwa ya jouli zile 2.7 iliishia kwenye mpira wa kava. Kioo kikanusurika, na hakikunusurika kwa bahati. Hiyo ndiyo kazi kilichotengenezewa.

Kokoto haipindi kioo. Inakitoboa. Ukingo wa milimita moja wa kava haukusaidia chochote, kwa kuwa jiwe lenye ncha linapita katikati yake kama mguu unavyopita mlango ulio wazi. Kwenye ncha ile jouli moja inatua juu ya eneo ambalo ni sehemu ndogo ya milimita ya mraba. Mkazo pale unapanda kupita kiwango ambacho ngozi yoyote inaweza kukizuia, kioo kinasagika, na chini ya ungaunga ule ufa mmoja unachimbwa wima kwenda ndani. Huo ndio niliouona ubavuni mwa kipande: maikromita 70 hivi. Ngozi ilikuwa 40.

Kuuvuka mstari wa ngozi hakumaanishi kioo kinalipuka papo hapo. Ufa ambao ncha yake imeingia tumboni kidogo tu bado umeshikwa shingoni na ngozi, na unaweza kubaki hivyo. Lakini maikromita 70 ni mbali, na kioo kilikuwa bado kinapinda kutokana na pigo lenyewe. Ufa ukaachiwa. Kwenye kioo ufa ulioachiwa unaweza kukimbia karibu kilomita moja na nusu kwa sekunde. Upana wa simu unakatwa katika sehemu 50 za milioni ya sekunde. Ukikimbia hivyo na kukuta mvuto umewekwa akiba kila mahali, unagawanyika mara mbili, kila tawi nalo linagawanyika. Utando wa buibui niliopewa mkononi ulikuwa lile deni la katikati likilipwa kwa mkupuo.

Kwa hiyo ukiuliza simu ilianguka kutoka wapi umekosea swali. Uliza iliangukia nini.

Anayependa kubishana atasema mikwaruzo ya miaka miwili ndiyo iliyokidhoofisha kioo, na kuanguka kwa mwisho kulimalizia tu. Mikwaruzo ilikuwapo, tena mingi. Mchanga una chembe za kwatzi, ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, na kioo kiko kati ya 5 na 6 na kitu. Mchanga utakikwaruza kioo chochote cha simu kilichopo sokoni, kiwe kimeimarishwa au hakijaimarishwa. Kubana ngozi hakukigeuzi kuwa kigumu kwa kiasi cha kuushinda mchanga. Watu huchanganya mambo haya mawili, ugumu na uimara, na matangazo ya biashara hayasaidii. Ila mikwaruzo ya kawaida haina kina cha kuivuka ngozi, kwa hiyo midomo yake inabaki imefungwa. Na pale nyufa zilipoanzia palikuwa na ungaunga mpya, sio mkwaruzo wa zamani.

Ufa uliotembea peke yake

Katika zile wiki mbili kabla ya fundi, jambo la pili lilitokea ambalo dada aliliona kuwa uchawi. Ufa mmoja ulikuwa umesimama chini ya tundu la kamera, kama sentimita moja hivi. Siku ya tano asubuhi ulikuwa umefika kwenye kamera. Simu haikuanguka tena, wala hakuikalia.

Hapa mhusika ni maji, na si maji ya kumwagika. Unyevu wa hewani unatosha. Kwenye ncha ya ufa vifungo vya silikoni na oksijeni vimekazwa sana, na molekuli ya maji ikifika pale huweza kukata kifungo ambacho mvuto peke yake haungekikata. Kifungo kimoja kikikatika, mkazo unahamia kwa jirani, na maji yanafuata. Mtafiti wa kioo Sheldon Wiederhorn alipima jambo hili mwaka 1967 kwenye kioo cha kawaida: ufa uleule, kwa mvuto uleule, ulienda haraka zaidi kadiri hewa ilivyokuwa na unyevu. Kioo cha simu kinabeba mvuto wake ndani, kwa hiyo ufa uliokwisha kufika tumboni una chakula siku zote. Unangoja maji tu.

Ndiyo sababu simu huokotwa nzima usiku ikaonekana imepasuka asubuhi, na mwenye nyumba kuanza kuwauliza watoto.

Kabla ya potasiamu, na baada yake

Wazo la kubana kioo kwa kubadilishana ioni si la enzi ya simu. Samuel Kistler, mkemia yuleyule aliyevumbua erojeli (kitu kigumu chepesi mno, karibu chote hewa), alichapisha kazi juu yake mwaka 1962, na mwaka huohuo kampuni ya Corning ya Marekani ilitangaza kioo ilichokiita Chemcor. Soko lilikuwa dogo. Kilitumika hapa na pale, hata kwenye madirisha ya magari machache ya mashindano, kisha kikawekwa kando. Mwaka 2007 Apple ilionyesha simu yake ya kwanza Januari ikiwa na uso wa plastiki, na ilipoanza kuuzwa Juni uso ulikuwa wa kioo. Wazo la miaka arobaini na kitu likapata kazi.

Tangu hapo kazi kubwa imekuwa kuongeza kina cha ngozi, kwa sababu vigae vilishatatuliwa na kokoto bado. Kuongeza mkandamizo na kina kwa pamoja hakuwezekani bila mpaka. Kila unachokibana nje unakilipia ndani, na deni likizidi, kioo kikitobolewa kinageuka chembechembe. Njia iliyopatikana ni kioo chenye lithiamu. Ioni ya lithiamu ni ndogo zaidi, nanomita 0.076. Sodiamu inabadilishana nayo na kuzama ndani sana, zaidi ya maikromita 100, ikiacha mbano wa wastani. Potasiamu inabana sehemu ya juu tu kwa nguvu kubwa. Ngozi mbili, moja nene na legevu kiasi, nyingine nyembamba na kali. Alama ya maikromita 70 kwenye kioo cha aina hiyo ingeishia ndani ya ngozi. Aina nyingine ni kioo-kauri, ambamo fuwele ndogo mno hukuzwa ndani ya kioo kwa joto ili ufa ukikimbia ulazimike kupinda kila hatua. Tangu 2020 zipo simu zinazouzwa nacho.

Dada hakutaka kusikia habari za lithiamu. Alitaka kujua kama aweke protekta kwenye kioo kipya, au ni ulaji wa mafundi.

Nilimwambia aweke. Protekta ya kioo ya milimita 0.3 haiongezi uimara wa kioo cha chini kwa namna yoyote ya maana, na simu ikipinda itapinda nayo. Inachofanya ni kuipokea ncha. Ncha inachimba ufa wake kwenye protekta, ufa unashuka, unakutana na gundi laini, na hapo hauna pa kwenda: ufa hupita kwenye kitu kigumu kilichoungana, sio kwenye gundi inayonyumbuka.

Miezi miwili baadaye alinirudishia simu ili nimbandulie protekta, ilikuwa na nyota ndogo ya nyufa karibu na kitufe cha sauti. Niliipitishia kucha kioo cha chini palepale, kisha lenzi na tochi. Hapakuwa na kitu. Protekta yenyewe, nilipoigeuza, ilikuwa na lile shimo dogo lenye ungaunga mweupe.